Dari ya Sebule ya Hooyo

Mwaka aliofariki baba yetu nilipaka rangi dari ya sebule kwa hasira, na nusura nimuue mama yangu. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu kila nikisimulia kisa hiki watu hunihurumia mapema, wakaniambia nia yangu ilikuwa njema. Nia yangu haikuwa njema sana. Nilikuwa nimeudhika.

Hooyo, ndivyo sisi Wasomali tunavyomwita mama, alikuwa anakaa eda. Miezi minne na siku kumi mjane hubaki katika nyumba ya marehemu mumewe. Hajipambi, hajitii manukato, haonekani na wanaume wasio maharimu wake, yaani wale wanaoweza kumwoa, na hatoki nje ya lango ila kwa dharura. Hapa Garissa siku hizi wapo wanaolegeza, anayefanya kazi ofisini hawezi kutoweka miezi minne. Hooyo hakulegeza chochote. Tangu siku ya mazishi alivaa nguo zake nyeupe, akahesabu siku kwa vidole kila alfajiri, na alikuwa na nia moja tu moyoni: amalize eda yake ndani ya nyumba ile, bila kuukosa usiku hata mmoja, kisha siku ya kutoka aoge, avae nguo ya rangi, na awashe uunsi kwa mkono wake mwenyewe.

Uunsi ni ubani wetu, unaochanganywa na sukari na mafuta mazuri, ukatiwa juu ya makaa katika dabqaad, chetezo chetu cha udongo. Kwa miaka yote ya ndoa yake Hooyo aliufukiza kila jioni sebuleni, baba aliporudi kutoka soko la mifugo akinuka ngamia na vumbi. Hooyo mwenyewe alikuwa na pumu iliyomwanza uzeeni, lakini alisema uunsi humfungua kifua, na hakuna aliyembishia. Katika eda ukawa haramu kwake. Katika kila alichokiacha, hicho ndicho nilichomwona akikitamani. Jioni ikifika alikuwa akikosa pa kuweka mikono.

Sasa hasira yangu. Nina eddo mmoja, yaani shangazi, dada ya baba, anayekaa Habaswein. Alipokuja mazishini aliketi sebuleni, akalia vizuri kama inavyostahili, akafuta machozi, akainua macho juu na kusema mbele ya wanawake wote, "Wallahi dari hii imezeeka kuliko marehemu." Wanawake wakajitia hamnazo. Mimi damu ilinichemka. Dari yenyewe ni ya mbao nyembamba zilizopigiliwa, na ni kweli ilikuwa imegeuka rangi, hudhurungi katikati, manjano pembeni. Lakini ndiyo dari ambayo kaka yake alilala chini yake miezi saba akiugua, na eddo yule alikuja kumtazama mara moja tu. Nikakata kauli kwamba siku ya kumaliza eda, atakapokuja tena na jamaa wote wa Wajir, atainua macho na atakosa neno.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Likizo ya Agosti ilipoingia, zikiwa zimebaki siku kumi na moja za eda, nikaanza.

Shida ya kwanza ilikuwa kwamba fundi hakuweza kuingia. Mwanamume wa kando hakukanyaga ndani ya lango letu wakati wote wa eda. Ndugu zangu wa kiume ni wawili, mmoja yuko Mandera na malori yake, mwingine yuko ng'ambo, na wote wawili wanajua sana kupaka rangi kwa simu. Basi kazi ikawa yangu mimi binti. Bahati nzuri mtaani kwetu alikuwepo fundi mmoja wa Mwingi, mtu mzima mwenye adabu, aliyekuwa anapaka malango ya nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilikuwa nikimwendea langoni, yeye akisimama nje na mimi ndani, lango likiwa limefunguliwa upana wa kiganja, akinifundisha. Dari kwanza, kuta baadaye. Usichovye rola yote. Paka kwa mistari, na kila mstari uuguse ule wa kabla ukiwa bado mbichi, la sivyo alama itabaki hapo mpaka kiyama. Hilo la mwisho alilirudia mara mbili, na mimi nililishika kuliko yote.

Nilitoa viti, nikafunika makabati kwa shuka kuukuu, nikafunga kichwa, nikapanda juu ya meza. Hooyo alikuwa amekaa kwenye mkeka wake mlangoni pa chumba chake, ng'ambo ya ukumbi mdogo, tasbihi mkononi.

"Hooyo," aliniambia, kwa maana mama wa Kisomali humwita mwanawe kwa jina lile lile analoitwa yeye, "hiyo dari imekukosea nini?"

"Ni chafu."

"Si chafu," alisema. "Ni ya zamani."

Nilichovya rola. Nilikuwa na kiherehere, na rangi ya maji ilikuwa tayari imekorogwa. Nilipaka koti la kwanza, kama mafundi wanavyoita kila upakaji, likakauka upesi kwa lile joto letu. Dari ikawa nyeupe kabisa. Nilijitupa sakafuni, shingo imekakamaa, rangi puani na kwenye nyusi, nikaitazama kwa furaha ya kitoto.

Ilipofika alasiri rangi ya zamani ikaanza kurudi. Kwanza doa moja karibu na taa, kisha mengine, manjano kama chai iliyomwagika kitambaani. Sikuamini. Kesho yake nikapaka tena, koti zito. Ikarudi tena, na safari hii hata mapema zaidi. Siku ya tatu nilimpelekea fundi picha kwenye simu. Aliishika mbali na macho, akaipanua kwa vidole.

"Mwalimu, hii rangi ya maji imekataa. Kuna kitu kwa hiyo dari. Mnapikanga hapo ndani?"

"Hapana, jikoni ni nje kabisa."

"Hakuna makaa, hakuna taa ya mafuta? Moshi wowote?"

"Fundi, sebuleni kwetu hakuna moshi. Sisi si watu wa kuweka moshi nyumbani."

Nilisema hivyo kwa kiburi kidogo, na nilisema kweli kama nilivyoijua. Aliniuliza mara mbili, na mara mbili nilikana. Akakuna kidevu.

"Basi ni mabati yanavuja. Maji yanakaa juu ya dari na kutu."

"Hapa Garissa? Mvua umeiona lini?"

"Ikinyesha inanyesha, mwalimu." Alicheka. "Funika na rangi ya mafuta. Ongeza tapentaini kidogo ishike. Hiyo hakuna doa inapita. Lakini ufungue madirisha yote, hiyo harufu ni kali."

Siku ile zilibaki siku tisa.

Kuhusu madirisha sina wa kumlaumu. Agosti upepo wetu hauna huruma, unapiga tangu saa nne asubuhi na kuleta mchanga mwekundu mpaka ndani ya sukari. Rangi ya maji hukauka kabla vumbi halijafika. Rangi ya mafuta hubaki mbichi kwa saa nyingi, na kila chembe inayotua juu yake hukaa hapo milele. Nilipaka kipande cha kwanza karibu na dirisha madirisha yakiwa wazi kama nilivyoambiwa, nikaona kimekuwa na chunusi tupu. Nikamwona eddo akilini mwangu akiinua macho. Nikashuka mezani, nikafunga dirisha la kwanza, nikafunga la pili, nikafunga mlango wa nje na kuweka kitambaa chini yake. Mlango wa chumba cha Hooyo ulikuwa umefungwa pia, nikaona inatosha. Matundu ya hewa yaliyo juu ya kila mlango wa nyumba ile sikuyakumbuka, ingawa nimelala chini yake tangu utoto.

Nikaendelea. Harufu ilikuwa kali kweli, macho yalinitoka machozi, kichwa kikawa chepesi. Lakini dari! Iling'aa. Doa hata moja halikupita. Mstari baada ya mstari, mmoja ukigusa mwenzake ukiwa mbichi, nilikuwa napaka vizuri kuliko nilivyowahi kufanya kazi yoyote ya mikono. Nilikuwa nimefika katikati, penye taa, niliposikia kikohozi.

Kilikuwa kikavu, kifupi. Nikasema moyoni ni vumbi. Kikaja kingine, kisha viwili pamoja.

"Hooyo, uko sawa?" niliita bila kugeuka.

"Malizia... kazi yako."

Kati ya neno la kwanza na la pili kulikuwa na nafasi. Niliisikia. Mtu anayeishi na mgonjwa wa pumu anaijua nafasi ile, huhitaji kuona uso. Rola ilikuwa mkononi mwangu imejaa rangi, na mstari ulikuwa umefika nusu, kutoka kwenye taa kwenda ukutani. Nikiuacha pale ungekauka, na alama ingebaki.

Niliumalizia. Haukuwa mrefu, mikono minne mitano ya rola. Nilihakikisha hata ukingo umekaa sawa. Sijui zilikuwa dakika ngapi, na nimejaribu mara nyingi kuzipunguza kichwani, lakini mstari ule upo pale juu na naujua ni upi.

Ndipo nikasikia filimbi, ule mlio wa hewa inayotafuta njia. Niliruka kutoka mezani, nikapindua kopo la tapentaini sakafuni, nikafungua mlango wa chumba chake. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono kwenye magoti, mabega yakipanda na kushuka. Midomo ilikuwa imekuwa ya kijivu. Bomba lake la dawa ya kuvuta lilikuwa pembeni, alikuwa ameshalitumia bila kuniita.

Nilimshika kwapani nikamtoa uani, chini ya mwarobaini, upande wenye hewa. Nikampa dawa tena, mara moja, mara mbili, nikihesabu. Pumu haikushuka. Ile dawa siku zote ilimtuliza mara moja. Sasa alikuwa ananitazama kwa macho makubwa, shingo imejichimba kwa kila pumzi.

"Twende hospitali," nilisema.

Alitikisa kichwa.

"Hooyo, twende!"

Hakuwa na pumzi ya kusema. Akainua mikono yake miwili mbele ya uso wangu, vidole vyote vimenyooka isipokuwa gumba moja. Siku tisa.

Nilipandwa na wazimu. Nilimpigia kelele mama yangu, mjane, mgonjwa, uani kwake, sauti yangu ikivuka ukuta. Nilimwambia dini haijamwamuru afe. Nilimwambia dharura ni dharura, hata mtoto wa madrasa anajua. Nilimwambia, na hili nalijutia kama lile la mstari, "Unataka kumfuata? Sema basi kama unataka kumfuata!" Alifumba macho. Hakushusha mikono.

Kelele zile ndizo zilizotusaidia. Jirani yetu wa ukuta mmoja ni mwanamke anayewafundisha wasichana Kurani, mwenye elimu na mdomo usiopindapinda, na Hooyo humheshimu kuliko masheikh wa redioni. Aliingia langoni bila hodi, hijabu imekaa upande. Alimtazama mara moja tu.

"Dada yangu, simama," alisema. "Eda haivunjwi na dawa. Unatoka mchana kwa dharura, unarudi, usiku unakukuta nyumbani kwako. Eda yako iko pale pale. Ukikataa, utamjibu nini Mola wako, kwamba pumzi aliyokupa uliikataa?"

Hooyo alifungua macho. Akanyoosha kidole kuelekea magharibi, jua linakozama, kisha akaelekeza chini, pale tulipokuwa. Jirani akaelewa.

"Kabla ya magharibi utakuwa hapa. Mwanao ataapa."

Niliapa. Sikujua naapa nini. Niliapa kwa Mwenyezi Mungu, mikono ikinuka tapentaini, kwamba usiku ule atalala nyumbani.

Tulipofungua lango fundi alikuwa tayari nje na tuktuk. Alikuwa amesikia kelele, akaacha brashi yake, akakimbia barabarani kuisimamisha. Hooyo alipopita, amejifunika gubigubi, fundi aligeuka akatazama ukuta, akabaki hivyo mpaka tukaondoka. Sikuwahi kumshukuru vya kutosha kwa mgongo ule.

Hospitalini walimvika barakoa yenye mvuke wa dawa, wakamchoma sindano, wakamwekea oksijeni. Nilikaa pembeni nikitazama kifua chake. Ilichukua muda mrefu. Daktari alikuwa kijana wa bara, mpole, macho yamechoka. Aliniuliza amevuta nini. Nikamwambia. Akatazama nyusi zangu zilizojaa madoa meupe, akaandika.

Alasiri midomo ya Hooyo ilikuwa imerudi rangi yake. Daktari akasema atamlaza usiku mmoja, kwa sababu shambulio kama lile hurudi usiku.

Hooyo akavua barakoa. Kiswahili chake ni cha sokoni, na P humgeukia B kama wengi wetu, lakini alikitoa chote.

"Daktari, mimi ni mtu ya eda. Siwezi lala haba. Iko siku tisa bekee."

"Mama, ukirudi kwa hiyo nyumba ya rangi utarudi hapa ukiwa mbaya zaidi."

"Nitarudi bale kwangu."

Daktari akanigeukia mimi. "Wewe ndiye mtoto? Unaamua nini?"

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko uani. Uani kulikuwa na jambo moja tu la kufanya. Hapa kulikuwa na mawili, na kila moja lingeweza kuwa kosa. Nikimlaza, namvunjia kitu alichokishika kwa miezi minne bila kuyumba, tena kwa kosa langu. Nikimpeleka nyumbani na shambulio lirudi, nitakuwa nimemmaliza kabisa. Nilimtazama Hooyo. Hakunisihi. Alinitazama tu, akisubiri kuona nimeapa kwa nani.

"Akilala nje je?" nilimuuliza daktari. "Uani, mbali na nyumba, mimi nikiwa macho pembeni yake, na tuktuk langoni?"

Alifikiri. Akasema tungoje. Tukangoja, jua likishuka kwenye dirisha la wodi, na mimi nikilihesabu. Saa kumi na moja akaja, akasikiliza mgongo wake, akasikiliza tena, akahema kama mtu aliyeshindwa kwenye bei. Alitupa dawa na masharti. Asiingie ndani mpaka harufu iishe kabisa. Akibanwa, arudi papo hapo, eda au si eda. Kisha akasema, akinitazama mimi, "Kifua chake kimeumia. Kuanzia leo moshi wowote ni adui. Makaa, vumbi, marashi makali, udi, ubani, aachane navyo kabisa. Si wiki hii tu. Kabisa. Umtafsirie."

Nilimtafsiria. Nilisema makaa, nikasema vumbi, nikasema marashi makali. Nikaishia hapo. Nilijiambia nitamwambia mengine atakapopata nguvu.

Tulifika langoni adhana ya magharibi ikiwa bado haijaanza. Jirani alikuwa amefungua madirisha yote na kuweka kitanda cha kamba chini ya mwarobaini. Hooyo alikaa juu yake, akagusa ardhi kwa kiganja, akasema alhamdulillahi, na adhana ikaita. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia.

Asubuhi fundi alibisha langoni kuulizia hali. Nilimweleza, lango likiwa wazi upana wa kiganja. Akasikitika, kisha ufundi ukamshinda, akauliza, "Lakini doa limepita?" Nikasema halikupita. Hooyo, kutoka kitandani kwake nyuma ya pazia nililomtundikia, aliuliza kwa Kisomali tunazungumza nini, nikamweleza kuhusu doa, na mabati, na lile swali la moshi.

"Ulimwambia hakuna moshi?"

"Ndiyo."

"Hooyo," alisema taratibu, "mimi nimefukiza uunsi chini ya dari ile kabla wewe hujazaliwa."

Nilipomfikishia fundi, akajishika kichwa. "Ubani! Kila jioni? Sasa mwalimu, huo si moshi ni nini? Hiyo ilitaka kuoshwa na maji moto na sabuni, basi. Rangi ya maji ingekaa vizuri kabisa." Nyuma ya pazia Hooyo akaanza kucheka, kicheko chembamba cha kujilinda kifua, na mimi sikuweza. Maisha yangu yote moshi ulikuwa kitu cha kuni, cha jikoni, cha watu wasiopiga deki. Uunsi ulikuwa usafi. Angeniuliza mara kumi ningekana mara kumi.

Usiku nane tulilala uani; alfajiri ya pili, kabla upepo haujaanza na jirani akiwa na Hooyo mbali na nyumba, nilisugua zile chunusi na kumalizia nusu ya dari iliyobaki, madirisha yote wazi. Harufu ilipoisha alirudi ndani, akakesha usiku wake wa mwisho wa eda chumbani mwake akisali. Mimi nilikuwa bado sijamwambia habari ya ubani.

Siku ya kutoka aliogeshwa na dada zake waliotoka Wajir, akavaa dirac ya kijani, kile kitambaa chepesi cha sherehe. Alionekana amepungua, na mzuri. Sebule ilijaa wanawake. Eddo aliingia, akaketi, akainua macho. Dari ilikuwa nyeupe kuliko maziwa, inang'aa, bila alama hata moja. Aliitazama kwa muda. "Mashallah," alisema, "sasa nyumba imekuwa nyumba." Nilikuwa nimelingoja neno hilo kwa wiki nyingi, na lilipokuja halikunifikia popote.

Kisha yeye huyo huyo eddo akatoa dabqaad aliyoibeba kutoka Habaswein, zawadi ya kumtoa wifi yake katika eda, na makaa yakaletwa. Wanawake wakasogea kwa furaha. Hooyo akachukua kijiko. Nilifungua mdomo. Nilisimama pale katikati ya sebule na mdomo wazi, na wanawake wakanitazama, na nikaufunga. Alitia uunsi juu ya makaa kwa mkono wake mwenyewe, kama alivyotaka. Moshi ukapanda. Akainama juu yake, akafungua ukingo wa dirac ili uingie kwenye nguo, akafumba macho, na nikaona uso wake ukilegea kama ambavyo sikuuona tangu baba aanze kuugua.

Ilikuwa pumzi moja. Pumzi ya pili ilikataa. Akakohoa kile kikohozi kikavu, kifupi, na mkono wake ukanitafuta.

"Itoe nje," alisema.

Niliinyakua dabqaad, nikapita nayo katikati ya wanawake, nikakimbia mpaka ukutani nikayafukia makaa kwa mchanga. Niliporudi alikuwa ameshavuta dawa yake na eddo anampepea. Nilipiga magoti.

"Hooyo, nisamehe. Daktari alisema na ubani pia. Alisema kabisa. Mimi sikukutafsiria."

"Nilimsikia," alisema. "Kiswahili changu si kibaya kiasi hicho. Nilitaka mara moja tu."

Nilisogea nimshike mkono. Akarudi nyuma kidogo, akaziba pua na ncha ya shela, na kwa upole mwingi, kama anayemtuma mtoto dukani, akaniambia nguo zangu zimejaa uunsi, nikakae nje mpaka unitoke. Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi, upepo ukinipiga.